Kwa Nini Diski ya Kompyuta Kuukuu Hukawia

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari lililotoka Dar es Salaam kwenda Lindi au Mtwara lilifika ukingoni mwa Mto Rufiji, mbele kidogo ya Ikwiriri, likasimama. Tangu hapo nguvu ya injini yake haikuwa na maana. Gari jipya na gari kuukuu yaliingoja pantoni ileile, na saa za kuwasili ziliamuliwa na pantoni hiyo. Mkazi wa Mkongo, aliyezoea kungoja kivuko ili avuke kwenda Utete, haelezwi jambo hili mara mbili: muda wa safari huamuliwa na mahali penye foleni, hata kama barabara iliyobaki ni nzuri.

Data zinazosafiri ndani ya kompyuta hufuata kanuni hiyohiyo. Chukua mfano wa kompyuta ya mezani iliyotengenezwa mwaka 2004 hivi, ikafika katika shule ya sekondari ya kata baada ya kutumika kwingine kwa miaka kadhaa. Imewekwa katika ofisi ya taaluma. Ndani yake zimo alama za mazoezi za wanafunzi wa Kidato cha Nne, mitihani ya miaka iliyopita na barua za shule, na aghalabu hakuna nakala nyingine ya vitu hivyo. Hapo mwanzo kunakili faili hizo kwenye flashi kulichukua dakika chache. Sasa kazi hiyo humaliza mchana mzima, na mara nyingi umeme hukatika kabla haijakwisha. Ushauri unaotolewa upesi ni kununua kompyuta nyingine. Ushauri huo ni wa ghali, na mara nyingi si wa lazima. Lakini kungoja tu bila kufanya lolote kwaweza kuwa ghali zaidi, kama itakavyoonekana.

Ndani ya diski ngumu mna sahani moja au zaidi zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku. Mota huzizungusha, na mkono mwepesi wenye kichwa cha kusomea hupita juu yake kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, nayo ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Ilisoma herufi 8,800 hivi kwa sekunde, hata ikahitaji zaidi ya dakika 9 kuyatoa yote yaliyokuwamo. Diski za leo ni ndogo kuliko kitabu cha hesabu, lakini msingi wa kazi yake haukubadilika.

Sahani ya diski ya kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Mwanafunzi wa fizikia ataona mara moja kwamba mizunguko 5,400 kwa dakika ni mizunguko 90 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi. Kichwa kinapofika kwenye njia kinayoitafuta, kwa wastani hungoja nusu ya mzunguko, au milisekunde 5.6, kabla data zinazotakiwa hazijapita chini yake. Ongeza milisekunde 10 za mkono wenyewe kusogea, na kila safari inagharimu milisekunde 15 na ushei. Faili moja kubwa ya megabaiti 40, iliyoandikwa mfululizo, husomwa kwa sekunde moja au mbili, maana kichwa husafiri mara chache mno. Lakini faili 10,000 ndogo, kila moja ya kilobaiti 4, zilizotawanyika huku na huko, ingawa kwa jumla ni megabaiti zilezile 40, zitahitaji safari 10,000, nazo ni sekunde 156 za kusogea na kungoja tu. Hapo diski haina kasoro yoyote. Imepewa kazi ya kuokota punje moja moja badala ya kuchota kwa pishi.

Ndiyo sababu kazi ya kwanza ni kupima. Mwalimu atafute faili moja kubwa, kwa mfano filamu ya somo yenye megabaiti 700, aizime na kuiwasha kompyuta upya, kisha ainakili kwenye flashi huku akitazama saa. Megabaiti zikigawanywa kwa sekunde, ndiyo kasi. Kuwasha upya si urembo: faili iliyokwisha kusomwa mara moja hubaki kwa muda katika kumbukumbu ya kompyuta, na jaribio la pili litaonyesha kasi ya uongo. Wala faili isinakiliwe kutoka diski hadi diski hiyohiyo, kwa kuwa kichwa kitakuwa kikisoma hapa na kuandika pale, na kasi itashuka hadi nusu au chini ya nusu. Jaribio likirudiwa mara tatu na matokeo yakichorwa, darasa zima lina zoezi la vitendo lisilohitaji kifaa chochote cha maabara.

Jibu likiwa megabaiti 1 hivi kwa sekunde, tazama kwanza mlango wa flashi. Milango ya USB ya aina ya kale hupitisha biti milioni 12 kwa sekunde, ambazo kwa hesabu ni megabaiti 1.5 na kwa vitendo ni kama 1. Faili ya megabaiti 700 itachukua zaidi ya dakika 11. Aina iliyofuata, yenye biti milioni 480 kwa sekunde, huimaliza kazi hiyo kwa nusu dakika hivi, endapo flashi yenyewe inaweza kuandika upesi; nyingi za bei nafuu haziwezi. Kompyuta nyingine zina milango ya aina zote mbili, na kuhamisha flashi kutoka tundu moja hadi jingine kwaweza kumaliza tatizo bila kutumia hata shilingi moja.

Ikiwa mlango hauna lawama, sababu iliyofichika kuliko zote katika mashine za umri huo imo katika njia iliyopo kati ya diski na kumbukumbu. Katika utaratibu wa kale uitwao PIO, prosesa yenyewe hubeba kila kipande cha data kutoka kwenye diski, kama mwalimu mkuu anayeamua kubeba madawati ya shule nzima kwa mikono yake. Wakati huo kazi nyingine zote husimama. Kasi ya PIO huanzia megabaiti 3.3 kwa sekunde na haizidi 16.7. Utaratibu mpya zaidi, DMA, humwachia prosesa kutoa amri tu, na data huingia katika kumbukumbu moja kwa moja, kwa kasi iliyofikia megabaiti 100 kwa sekunde na zaidi. Programu ya Windows XP, ambayo kompyuta nyingi za wakati huo ziliitumia, ilikuwa na tabia ya pekee: ilihesabu makosa ya mawasiliano na diski, na makosa 6 yalipotimia iliteremsha kasi daraja moja, kisha jingine, hadi kufikia PIO. Haikumwambia mtu, wala haikupanda tena yenyewe baada ya kosa kuondolewa. Kwa hiyo waya uliolegea kwa muda mfupi tu uliweza kuifanya kompyuta iwe mzembe kwa miaka. Dawa yake ni kuiondoa njia ya diski katika orodha ya vifaa vya kompyuta, kisha kuiwasha kompyuta upya ili iitambue njia hiyo kama ngeni. Anayenunua diski mpya kabla ya kutazama hapo atafunga diski mpya kwenye pantoni ileile.

Waya wenyewe wastahili kukaguliwa, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme. Diski za aina hiyo huunganishwa kwa mkanda mpana wa nyaya. Mikanda ya kale ina nyaya 40. Ile ya baadaye ina nyaya 80, nyembamba zaidi, ambamo kila waya wa data una jirani yake anayezuia mawimbi ya umeme yasivujie kwa mwenzake. Penye mkanda wa nyaya 40, kasi haitakiwi kuvuka megabaiti 33 kwa sekunde. Mahali penye hewa ya unyevu, kama bonde na delta ya Rufiji, ncha za viunganishi huweza kupata kutu nyembamba isiyoonekana. Kuzichomoa na kuzichomeka tena huikwangua. Aidha, diski ngumu na kifaa cha kusomea CD vikifungwa kwenye mkanda mmoja hupokezana zamu, na ni vyema vitenganishwe.

Taa ya diski ikiwaka bila kuzima hata kabla ya kazi yoyote kuanza, chanzo huenda ni uhaba wa kumbukumbu. Mashine yenye megabaiti 256 inapofungua programu nyingi huikopa diski iwe kumbukumbu ya ziada, na kukopa huko ni kwa polepole mno. Kuzima programu zinazojianzisha zenyewe husaidia; kuongeza kumbukumbu husaidia zaidi.

Yote hayo ni makosa ya njia. Yapo pia maradhi ya sahani zenyewe, na hapa ndipo kungoja kunapokuwa hatari. Kichwa cha diski huelea juu ya sahani kwa umbali wa takriban sehemu moja ya meta iliyogawanywa mara milioni 100. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene mara maelfu kuliko nafasi hiyo. Kompyuta ikigongwa, au umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, vipande vya sahani huweza kuharibika. Diski inapokutana na kipande kibovu haikati tamaa. Hurudia kukisoma tena na tena, kila mara ikingoja mzunguko mwingine, na mtumiaji huona kompyuta imeganda kwa sekunde kadhaa. Ukawiaji wa namna hii huja kwa vipindi, mara nyingi pamoja na mlio wa kugonga.

Kwa bahati njema diski hujiwekea daftari la afya yake, liitwalo SMART, na zipo programu za bure za kulisoma. Mstari wa 5 huhesabu vipande vilivyokufa na kubadilishwa, wa 197 vile vinavyotiliwa shaka, na wa 199 makosa yaliyotokea njiani, ndani ya waya. Namba ya 199 ikipanda ilhali zile mbili ni sifuri, badili waya. Namba ya 5 au ya 197 ikizidi kupanda wiki hadi wiki, diski inakufa, na hakuna fundi atakayeiponya.

Kwa hiyo, kabla ya kukagua jambo lolote, alama za wanafunzi zinakiliwe kwanza, hata kama itachukua saa nane, zikianza faili zisizopatikana kwingine na kumalizia picha na filamu. Mafundi wengine huanza kwa kuzipanga upya faili zilizotawanyika, kazi inayokilazimisha kichwa kusafiri kwa saa nyingi bila kupumzika. Kwa diski nzima hiyo ni tiba. Kwa diski mgonjwa yaweza kuwa kazi yake ya mwisho. Wala kifuniko kisifunguliwe kwa nia ya kusafisha, maana vumbi moja litakaloingia ni jabali mbele ya kichwa kile.

Diski iliyokwisha kufa ni jambo jingine. Hiyo yaweza kufunguliwa mbele ya darasa. Sahani zake hung'aa kama kioo, na mkono wake husukumwa na sumaku ndogo za neodimi zenye nguvu ya kubana kidole hadi kuumiza. Sumaku hiyo ikidondoshwa ndani ya bomba la shaba lililosimamishwa wima, hushuka taratibu kana kwamba imeingia katika asali, na wanafunzi wa Kidato cha Nne wanaweza kuulizwa kwa nini, ilhali shaba haivutwi na sumaku.