Antibayotiki Kabla ya Kisu

Mama aliyejifungua kwa operesheni Mwananyamala au Temeke humkumbuka daktari aliyempasua. Aliyekaa upande wa kichwa, akamchoma ganzi ya mgongo na kumpima presha kila dakika chache, mara nyingi hamjui hata jina. Lakini huyo mtaalamu wa usingizi ndiye anayefaa kumchoma antibayotiki ya kukinga kidonda, na saa anayoichoma ina uzito sawa na dawa yenyewe.

Sindano hii haitibu ugonjwa. Inatakiwa iwe imeshasambaa mwilini ngozi inapofunguliwa, kwa kuwa bakteria wengi wanaotungisha usaha hutoka kwenye ngozi au matumbo ya mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1992 watafiti wa Salt Lake City, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 2,847: walioambukizwa kidogo kuliko wote ni waliochomwa ndani ya saa mbili kabla ya kupasuliwa. Waliowahishwa mno na waliocheleweshwa waliumia zaidi.

Kwa nini basi wasimalize kazi hiyo wodini? Tazama asubuhi moja ya kawaida. Mgonjwa wa ngiri amepangiwa saa tatu, nesi anamchoma sefazolini saa mbili na nusu. Mara inaingia dharura: mjamzito kutoka Mbagala, mapigo ya mtoto yanashuka. Mwenye ngiri anasubiri hadi saa saba. Kwenye faili dawa imetolewa, lakini sefazolini hupungua kwa nusu kila baada ya takriban saa mbili, hivyo iliyobaki ni kidogo. (Seftriaksoni, inayotumika sana hapa kwetu, hudumu zaidi.) Wodini hakuna anayejua kisu kitashuka saa ngapi. Mtaalamu wa usingizi anajua, maana hakishuki mpaka aseme mgonjwa yuko tayari. Mshipa umeshafunguliwa, na adrenalini iko karibu iwapo mzio utaporomosha presha. Operesheni iliyotumia sefazolini ikizidi saa nne, au damu ikipotea zaidi ya lita moja na nusu, ni yeye wa kukumbuka kurudia dozi. Macho ya daktari wa upasuaji yako tumboni.

Kwenye upasuaji wa uzazi kuna mtego. Zamani ilisubiriwa kitovu kibanwe kwanza ili dawa isimfikie mtoto. Sasa Shirika la Afya Duniani linataka itolewe kabla ya kupasua. Ganzi ikishika, presha ya mama hushuka, mtaalamu anahangaika na maji na dawa za kuipandisha, na antibayotiki inasahaulika kwenye trei. Ningependa iingie kabla mama hajakunjwa mgongo kuchomwa ganzi. Orodha ya usalama ya shirika hilo pia huitaka timu iulizane kwa sauti kabla ya kisu: antibayotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Orodha hiyo ilijaribiwa katika miji minane, Ifakara ukiwa mmojawapo, na matokeo ya 2009 yalionyesha vifo kupungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Baada ya kushonwa, kwa operesheni nyingi kazi ya dawa hii imekwisha. Najua ndugu hupata wasiwasi mgonjwa asipoandikiwa sindano za siku tano, na wengine hukimbilia famasi kuzinunua. Hazikingi kidonda zaidi, bali hulea usugu wa vimelea. Hospitali ya Thika, Kenya, ilihamisha sindano kutoka baada ya operesheni kwenda kabla, na maambukizi ya juujuu ya kidonda yakapungua.

Mtaalamu wa usingizi atakapokuja kukuona kabla ya operesheni, mtajie dawa ulizonunua dukani wiki hiyo. Kama una aleji ya penisilini, eleza kilichotokea: ulivimba midomo na kubanwa kifua, au tumbo liliharisha tu? Kuharisha peke yake kwa kawaida si mzio. Ukisema “nina aleji” ukaishia hapo, huenda akaiacha dawa iliyokufaa zaidi.