Kimya Kifupi Kabla ya Mvumo

Apigaye kofi ndani ya chumba cha matofali chenye paa la bati, kama vilivyo vyumba vingi vya Vingunguti, Dar es Salaam, husikia sauti mbili asizozitambua kuwa ni mbili. Ya kwanza ni ya kofi lenyewe. Ya pili ni miangwi mingi iliyosongamana kutoka kutani, nayo huitwa mvumo. Baina yake pana kimya kifupi mno. Ukuta ukiwa mita 1.5 kutoka kwa mpigaji, sauti husafiri mita 3 kwenda na kurudi. Na kwa kuwa katika hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi sauti huenda mita 349 kwa sekunde, kimya hicho ni milisekunde 9 hivi. Katika ukumbi mkubwa huweza kufika 50. Kwa kipimo hicho sikio hukisia ukubwa wa mahali hata gizani.

Msanii wa singeli arekodiye katika chumba kama hicho hana ukumbi. Huazimwa na kompyuta. Zamani kimya hicho kilitengenezwa kwa mkanda wa sumaku: ukienda sentimita 38 kwa sekunde, na kichwa cha kurekodi kikiachana na cha kusomea kwa sentimita 5, sauti ilichelewa milisekunde 130 hivi. Tangu mashine za tarakimu kama EMT 250 ya mwaka 1976, sauti hugeuzwa kuwa nambari, zikahifadhiwa kitambo, kisha zikatolewa. Zikiwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kuchelewesha milisekunde 50 ni kuzishikilia sampuli 2,205. Kidhibiti cha kazi hiyo chaweza kuitwa cha ucheleweshaji wa awali.

Jambo la ajabu ni kwamba nambari iandikwayo kwenye kidhibiti mara nyingi siyo ile isikikayo. Mvumo wa kompyuta una njia zake za ndani ambazo nazo huchukua muda, na muda huo huongezeka ukubwa wa ukumbi wa kubuni unapoongezwa. Hivyo sifuri huweza kuwa milisekunde 20. Tena, programu nyingine huchelewesha mvumo mzima, nyingine huiacha miangwi ya mwanzo ipite na kuuzuia mkia peke yake. Na kidhibiti kikizungushwa wakati wimbo unaendelea, baadhi ya mashine hupandisha au kushusha kimo cha sauti, kama mkanda uliovutwa. Nyingine hutoa mlio wa kukwaruza.

Katika muziki wa polepole kosa la milisekunde 20 halimwumizi mtu. Singeli, iliyozaliwa katika vitongoji vya jiji hili, huenda midundo 200 hadi 300 kwa dakika, na uhai wake umo katika maneno. Na ichukuliwe midundo 240: kila mdundo una milisekunde 250. Mwimbaji akitamka silabi mbili kwa mdundo, kila silabi hupata 125. Mtayarishaji aliyezoea kuweka 100 katika nyimbo za taratibu, akiongezewa 20 za mashine bila habari, anakuwa ameuleta mvumo kwenye 120, yaani juu kabisa ya konsonanti ya silabi inayofuata. Konsonanti ni dhaifu, nayo humezwa. Tusi lasikika kama sifa, na jina la mtaa halisikiki kabisa. Ushauri wa kulinganisha ucheleweshaji na mdundo, upendwao na wengi, hapa huleta balaa lile lile. Jumla ya milisekunde 30 yafaa zaidi: konsonanti hupita peupe, mvumo ukajificha nyuma ya irabu.

Kuijua mashine si kazi ngumu, na darasa lolote lenye kompyuta laweza kuifanya. Hurekodiwa kofi moja kavu, kidhibiti kikawekwa sifuri, kisha mvumo peke yake ukarekodiwa kando ya kofi. Katika picha ya wimbi huhesabiwa sampuli zilizo baina ya vilele viwili vya kwanza. Zikiwa 882, sifuri ya mashine hiyo ni milisekunde 20.