Waya ya Gari Haiko Sawa na Waya ya Nyumba

Kama unatengeneza minibisi ili jamaa ilale ndani wakati wa safari, usichukue waya iliyobaki nyumbani.

Sisi tulifanya vile. Fundi alipitisha waya ngumu ya uzi mmoja toka batri mpaka nyuma, bila fizible. Barabara yetu unaijua: gari ilitikisika, waya ikajisugua kwa chuma mpaka ngozi yake ikatoboka. Usiku watoto wamelala, tukasikia harufu ya plastiki inaungua. Tunamshukuru Mungu, mama alikuwa macho.

Wengine wanasema volti 12 haiui mtu. Kweli, haikamati mkono. Lakini inawasha moto. Chombo cha wati 120 kwa kuran ya nyumba, volti 220, kinavuta karibu nusu ampeya tu. Kwa batri kinavuta ampeya 10! Kwa mita 5 kwenda na 5 kurudi, waya ya shaba ya milimita mraba 1,5 inakula volti moja na zaidi njiani, na ampuli zinafifia. Ya 6 inakula 0,3 tu.

Basi omba waya laini, ya nyuzi nyingi. Fizible ya ampeya 15 ikae karibu kabisa na batri, maana kazi yake ni kulinda waya. Kila tundu la chuma ulivalishe mpira.

Na pale sokoni, kwaruza uzi kwa kisu mbele ya muuzaji. Ukiona nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Sisi wachimba shaba tuuziwe ile?