Mavi ya ndege yanayokula majani

Mu pepinyeri ya koperative moja tuliona madoa ya kahawia na nyeupe juu ya majani ya michungwa. Tukasema: ni ndege tu. Tukapita. Kisha majuma mawili, miche mingi ilibaki vijiti.

Yale hayakuwa mavi. Alikuwa kiwavi, mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Akiwa mdogo anafanana na mavi ili ndege wasimule. Akikomaa anageuka kijani. Ukimugusa, anatoa pembe mbili nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Asiwaogopeshe, haumi.

Mti mkubwa unavumilia. Mche mdogo hapana, majani yake ni machache. Basi kila asubuhi mupitie miche, mutazame majani machanga. Ndipo kipepeo anataga mayai madogo ya manjano, moja moja. Muyaondoe kwa mkono, na viwavi muviponde. Musikimbilie dawa: inaua pia nyigu wadogo wanaotusaidia kumaliza viwavi.

Na mtoto akisema "mavi inatembea", mumusikilize.