Je, Wajua? Usonji mara nyingi hauji peke yake

Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2008 uliwachunguza watoto 112 wenye usonji, wa miaka 10 hadi 14. Asilimia 70 walikuwa na angalau tatizo jingine moja la kihisia au kitabia, hasa wasiwasi na kukosa utulivu. Kifafa, kukosa usingizi na kufunga choo navyo huwapata zaidi kuliko watoto wengine.

Mtoto asiyezungumza anapoanza ghafla kujipiga shavu au kukataa chakula, watu husema, “Ni usonji wake huo.” Kumbe huenda jino limeoza, au sikio lina usaha! Inaumiza kuona mtoto akipewa dawa ya kumtuliza kabla hajafunguliwa mdomo na kumulikwa.

Hakuna dawa ya kuponya usonji. Risperidone na aripiprazole, zilizoidhinishwa Marekani kwa watoto hawa mwaka 2006 na 2009, hupunguza hasira kali na vurugu tu, na zaweza kumnenepesha mtoto haraka. Apimwe uzito kila aendapo kliniki. Kifafa, wasiwasi na choo kigumu vina tiba zake, na mzazi ana haki ya kuziulizia siku ileile mwanawe anapotambuliwa kuwa na usonji.