Baiskeli ya Boda Boda: Uzito Ukae Wapi?

Baiskeli ya boda boda ni baiskeli ya kawaida ya chuma iliyopita mikononi mwa fundi ili ibebe abiria au mzigo nyuma. Biashara yake ilianza Busia katika miaka ya 1960 na 1970, kwani kati ya lango la Kenya na la Uganda kulikuwa na mwendo wa karibu kilomita moja, mrefu kwa mtu mwenye mizigo. Malaba, kilomita 30 hivi kaskazini, malango yalikaribiana na watu walijiendea kwa miguu.

Iliyopendwa zaidi ni Black Mamba: fremu nzito, gia moja, magurudumu ya inchi 28. Fundi wa jua kali huiongezea nondo kwenye keria, mto wa sponji na vyuma vya abiria kukanyagia. Karibu kila kinachoongezwa huenda nyuma, na gurudumu la mbele, ambalo ndilo la kukatia kona, hubaki jepesi.

Mfano wa hesabu ni huu. Baiskeli ina kilo 20, mwendeshaji 65, gunia 90, na ekseli mbili zimeachana sentimita 120. Kitovu cha uzito wa baiskeli kiko sentimita 55 mbele ya ekseli ya nyuma, cha mwendeshaji sentimita 30. Gunia likikaa juu ya ekseli ya nyuma barabara, gurudumu la mbele hubeba kilo 25 hivi. Likisogezwa nyuma sentimita 20, hubakiwa na kilo 10 tu. Likifika sentimita 34, usukani huelea, na hapo hakuna ustadi wa kuendesha utakaosaidia.

Mlima huharibu zaidi. Kitovu cha uzito wote kikiwa mita 1 juu ya ardhi, mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10 hukirudisha nyuma sentimita 10. Katika mfano wa kilo 10, kitovu kilikuwa sentimita 7 tu mbele ya ekseli. Kwa hiyo mbele huinuka.

Dawa yake haihitaji chuma kipya. Jerikeni ya kilo 10 ikitolewa kwenye gunia la nyuma na kufungwa kwa mpira wa tyubu kwenye fremu, sentimita 70 mbele ya ekseli, gurudumu la mbele huongezewa kilo 7.5, na mlima uleule hupandika.

Waundaji wa ndege ndogo za nyumbani hufuata kanuni hiyohiyo. Ndege hupimwa kwa mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu. Mkia ukizidi, betri huhamishiwa karibu na injini kabla ya kufikiria kuongeza risasi puani, maana risasi ni mzigo wa bure. Angani kosa la uzito kuzidi nyuma ni baya kuliko barabarani: pua huinuka, mabawa huacha kuibeba ndege, na rubani huenda asiweze kuishusha pua tena.

Tukirudi kwenye boda boda, mwaka 2008 Kenya iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na pikipiki zikachukua sehemu kubwa ya kazi ya baiskeli. Injini ya pikipiki hukaa chini, katikati ya magurudumu, hivyo mbele hutulia zaidi. Keria ndefu inayopita ekseli ya nyuma hupunguza faida hiyo, hasa abiria wakiwa wawili.