Nyumba za vijijini Herefordshire: bei ya tangazo si bei ya mwisho

Mnunuzi anayefika Leominster, mji mdogo wa kaunti ya Herefordshire magharibi mwa England, huuliza kwanza vyumba vingapi, kisha bei, kisha kasi ya intaneti. Dalali mmoja ambaye ameuza nyumba za ukanda huo kwa miaka mingi anasema swali analolisubiri huwa haliulizwi: maji ya choo yanaishia wapi?

Ana sababu ya kulisubiri. Mauzo anayoyasimulia kwa uchungu yalihusu nyumba ya vyumba vitatu nje kidogo ya kijiji, mbali na bomba la majitaka na mbali na bomba la gesi. Dau lilikubaliwa, benki ikaidhinisha mkopo, mnunuzi akaanza kuchagua mapazia. Wiki ya kumi na mbili mkaguzi alisogeza majani nyuma ya banda la kuni, akafunua mfuniko wa chuma uliokula kutu, akalifuata bomba hadi mtaroni. Karo la majitaka lilikuwa linamwaga moja kwa moja kwenye kijito. Tangu 1 Januari 2020 hilo haliruhusiwi England, na kuweka mtambo mpya wa kusafisha majitaka mara nyingi hupita pauni 10,000. Muuzaji akagoma kulipa, mnunuzi akajitoa. Kwa kuwa muuzaji naye alitegemea fedha hizo kununua kwingine, na huyo wa kwingine alikuwa na mahali pake pa kununua, nyumba nne zilianguka kwa karo moja. Dalali hakupata senti, kwani kamisheni yake hulipwa siku ya kukabidhi funguo.

Hasira yake haimlengi mnunuzi. Anachokilalamikia ni utaratibu unaomwacha muuzaji aseme hajui, halafu ukaguzi ufanyike kwa gharama ya mnunuzi, na ufanyike watu wakiwa wamekwisha kutoa moyo na fedha. Kwa sheria ya England na Wales, dau likikubaliwa hakuna aliyefungwa. Kifungo huja siku pande mbili zinapobadilishana mikataba, mnunuzi anapotoa arbuni, kwa desturi asilimia 10 ya bei. Kabla ya siku hiyo muuzaji anaweza kupokea dau kubwa zaidi la mtu mwingine, na mnunuzi naye anaweza kujitoa. Lakini mwanasheria na mkaguzi wanadai chao vilevile.

Maofisa wa serikali wana jibu, nalo lina tarakimu. Katika mapendekezo ya mageuzi yaliyotolewa Oktoba 2025 walikadiria kwamba anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza ataokoa wastani wa pauni 710, na kwamba mauzo yatachukua takriban wiki nne pungufu ya miezi karibu mitano ya sasa. Njia yenyewe ni kumtaka muuzaji na dalali watoe taarifa muhimu za nyumba mwanzoni kabisa, na pande mbili ziweze kufungana mapema. Pauni 710 imerudiwa sana. Ukiiweka kando ya karo lile, hata kifuniko hainunui.

Dalali huyo anayasikiliza mapendekezo haya kama mtu aliyewahi kuyasikia. Mwaka 2007 wauzaji walianza kulazimishwa kuandaa furushi la nyaraka kabla ya kutangaza nyumba. Mwaka 2010 serikali ikabadilika na furushi likasimamishwa. Kilichobaki ni cheti cha matumizi ya nishati. Anasema alinunua makabati ya kuhifadhia mafurushi yale, na bado anayo. Huenda safari hii mambo yakawa tofauti, na wazo lenyewe ni jema. Lakini wastani wa kitaifa umechanganya fleti ya mjini yenye mabomba yote na nyumba ya Weobley au Pembridge yenye nguzo nyeusi za mbao, karo, na tangi la mafuta uani.

Tangi hilo nalo lina hesabu yake. Kikomo cha bei kinachowalinda wanaotumia gesi na umeme hakiyagusi mafuta ya kupashia nyumba joto. Wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500 kwa safari moja, kwa hiyo mwenye nyumba hutoa fedha nyingi kwa mkupuo, aghalabu kabla ya baridi. Baadhi ya vijiji huagiza kwa pamoja ili wapunguziwe bei. Mgeni asiyemjua jirani hukosa nafuu hiyo mwaka wa kwanza.

Wasomaji wetu walioko Leicester, Reading na London, ambao baadhi yao wanatazama vijiji kwa sababu ya utulivu na bustani, wana mtego mwingine ambao madalali hawautaji kwa sababu hauwahusu wengi wa wateja wao. Tuchukue nyumba ya pauni 325,000. Mnunuzi wa mara ya kwanza, kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, hulipa ushuru wa stempu wa pauni 1,250. Lakini aliyewahi kumiliki nyumba ya kuishi popote duniani, hata kwa urithi, si mnunuzi wa mara ya kwanza, na hulipa pauni 6,250. Na kama bado ana nyumba Mbagala au Kitengela yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi, iwe kwa jina lake au la mwenzi wake wa ndoa, kwa kawaida huongezewa asilimia 5 ya bei yote. Jumla inakuwa pauni 22,500. Mtu aliyejenga nyumbani kwa miaka kumi, tofali kwa tofali, anakuta jasho lile linahesabiwa kama utajiri wa mwenye nyumba mbili. Hili linauma, na ni heri lijulikane kabla ya kutoa dau kuliko kulisikia kwa mwanasheria wiki ya mwisho.

Kuhusu nyumba mpya, serikali imeahidi milioni 1.5 England katika kipindi hiki cha bunge. Herefordshire inaonyesha kwa nini ahadi ya namna hiyo hupungua nguvu inapofika kijijini. Tangu Oktoba 2019 vibali vya ujenzi kandokando ya mto Lugg, unaopita Leominster, vilikwama kwa sababu mto umejaa fosfeti, nyingi yake ikitoka kwenye samadi ya mashambani, nyingine kwenye majitaka ya watu. Ili kupunguza mkwamo, halmashauri imejenga kinamasi karibu na kijiji cha Luston kisafishe maji, na wajenzi hununua haki ya kujenga kulingana na fosfeti inayoondolewa. Ni kazi ya maana. Hata hivyo kinamasi hakichuji kwa kasi ya ahadi za wanasiasa, na dalali wetu anasema uhaba huo ndio ulioshikilia bei za nyumba kuukuu miaka yote hii.

Riba imekuwa ikishuka. Benki kuu iliipandisha kutoka asilimia 0.1 mwishoni mwa 2021 hadi 5.25 Agosti 2023, na tangu Agosti 2024 imeipunguza mara kadhaa. Hilo linaweza kuwarudisha wanunuzi vijijini, ingawa wengi waliokuja wakati wa janga la korona wakidhani watafanya kazi nyumbani daima wameitwa ofisini, na baadhi ya nyumba zao zimerudi sokoni. Bei inaweza kulegea kwa hao. Kwa nyumba zenye karo zima na hati zilizonyooka, dalali haoni kulegea.

Ile yenye bomba la mtaroni bado iko kwenye orodha yake. Muuzaji amepunguza bei kwa pauni 12,000. Mtambo hajaweka.